Foleni ya Malaba na mkojo wako
Madereva wenzangu mnaolala foleni Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kuelekea Kampala, acheni kujinyima maji eti choo kiko mbali. Tazama rangi ya mkojo. Manjano hafifu, sawa. Ukifanana na chai ya rangi, kunywa maji, kwani chumvi za mkojo mzito ndizo zinazoganda kuwa mawe kwenye figo. (Soda usiihesabu kama maji, ndugu yangu.) Mkojo ukibaki hivyo hata baada ya maji, au ukiona damu, muone daktari. Ukikojoa kwa kuungua, matone mawili kila mara, kapime kwanza. Usinunue vidonge vinne vya kubahatisha duka la dawa. Homa, kutetemeka na maumivu ya kiunoni upande mmoja? Egesha lori, nenda hospitali siku hiyohiyo.