Kutibu maumivu sugu ya kiuno kwa fiziotherapia

Maumivu ya kiuno yaliyopita miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu, na kwa wagonjwa wengi picha ya eksirei haionyeshi chanzo kimoja dhahiri, kwa sababu pingili zilizochakaa kidogo huonekana hata kwa watu wasioumwa kabisa. Kwa hiyo mkulima wa Kibosho au Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, aliyeambiwa kwamba mgongo wake umelika asikate tamaa ya kushika jembe tena.

Kabla ya zoezi lolote, zichunguze dalili za hatari. Kushindwa kuzuia haja au mkojo kugoma kutoka, ganzi sehemu za siri, na udhaifu wa miguu unaoongezeka ni dharura, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maumivu yaliyofuata ajali au kuanguka, au yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda, yanamhitaji daktari kwanza, kwani kifua kikuu hushambulia pingili za mgongo pia. Asiye na dalili hizo anaweza kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kwa mfano katika hospitali ya KCMC mjini Moshi au ya Mount Meru mjini Arusha.

Tiba yenyewe ianze kwa kutembea. Chagua njia tambarare, jambo ambalo kwa wakazi wa mlimani si rahisi, utembee dakika 10 kila siku, kisha uongeze dakika chache kila wiki. Maumivu yakizidi kidogo wakati wa kutembea lakini yakarudi katika hali ya kawaida kufikia asubuhi, endelea. Yakiwa makali zaidi kesho yake, punguza muda, ila usiache. Kulala kitandani siku nzima hudhoofisha misuli na kuongeza woga wa kujikunja, na woga huo, kwa maoni yangu, huwalemaza wengi kuliko mgongo wenyewe.

Baada ya matembezi, tandika mkeka. Lala chali ukiwa umekunja magoti na nyayo zikikanyaga chini, inua kiuno mpaka mabega, nyonga na magoti viwe katika mstari mmoja, shikilia kwa sekunde 5 bila kubana pumzi, kisha shusha taratibu. Rudia mara 10. Halafu simama kwa mikono na magoti, nyosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, ukihakikisha kwamba kiuno hakizami wala hakipinduki upande, kisha ubadilishe. Anayetetemeka anyoshe mguu peke yake kwanza.

Kuchuliwa na kukandwa kwa maji ya moto huleta nafuu ya muda, na hakuna ubaya kuvitumia ili uweze kufanya mazoezi. Mikanda ya kiuno ni jambo jingine: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Desemba 2023 unapendekeza elimu kwa mgonjwa na mazoezi, lakini hauungi mkono matumizi ya kawaida ya mikanda hiyo, wala kuvuta mgongo kwa mashine. Fedha ya mkanda ni afadhali ilipie nauli ya kwenda kliniki.

Kazi za nyumbani nazo zirekebishwe badala ya kuachwa. Mzigo wa majani ya ng'ombe ugawanywe mara mbili. Ndoo ya lita 20 isijazwe, na wakati wa kuiinua iwe karibu na mwili huku magoti yakikunjwa. Jembe lenye mpini mrefu hupunguza kuinama, na anayelima apumzike kwa kusimama wima kabla maumivu hayajamlazimisha.

Ambaye hajaona mabadiliko yoyote baada ya wiki 8 za mazoezi ya kila siku arudi kwa mtaalamu apimwe upya, aonyeshe kwa vitendo jinsi anavyoyafanya, na aseme kweli kuhusu usingizi, msongo wa mawazo na dawa anazomeza, kwani vyote hivyo huathiri maumivu.