Kulegeza kifundo cha mguu kinachoteguka mara kwa mara

Kifundo kilichozoea kuteguka, iwe ni kwa kushuka daladala ikiwa bado inatembea au kwa kucheza mpira kwenye mchanga wa Coco Beach, mara nyingi huwa kimelegea pembeni lakini kimekaza kwa mbele, hivyo mgonjwa akichuchumaa kisigino huinuka mapema.

Pima kwanza. Mgonjwa asimame pekupeku na kugusa ukuta kwa goti bila kuinua kisigino, kisha pima kwa rula umbali mkubwa anaoufikia kati ya kidole gumba na ukuta. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi kati ya miguu yake inastahili kushughulikiwa. Penye uvimbe mpya au shaka ya kuvunjika, eksrei itangulie.

Kwa tiba yenyewe, napendelea mbinu ya Brian Mulligan, mtaalamu wa tiba ya viungo wa New Zealand. Mguu wa mgonjwa ukiwa juu ya kibao imara, zungusha mkanda nyuma ya muundi, juu kidogo ya kifundo, upite nyuma ya nyonga zako. Tanguliza taulo ndogo, maana kwa jasho la Dar es Salaam mkanda huchubua. Zuia talasi, yaani mfupa wa kifundo ulio chini tu ya muundi, kwa panda ya mkono (kati ya kidole gumba na cha shahada), egemea nyuma ili mkanda uvute muundi, naye apeleke goti mbele taratibu, kisigino kikibaki chini. Mkanda ubaki umenyooka pembe mraba na muundi muda wote, jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau goti linaposogea. Awamu 2 za marudio 10 zinatosha, bila maumivu. Yakitokea, badili mwelekeo au acha.

Mpime tena ukutani papo hapo, kisha mfundishe kusimama kwa mguu mmoja, kwa kuwa mkanda hautibu ule ulegevu wa pembeni.