Kutibu Kaposi na Saratani Nyingine za Virusi kwa Mwenye Kinga Dhaifu

Anayeishi na VVU akiona madoa meusi au ya zambarau yasiyowasha kwenye nyayo, miguuni au kwenye kaakaa, asiishie duka la dawa. Huenda ni saratani ya Kaposi, inayosababishwa na virusi vya HHV-8, na huthibitishwa kwa kukata kinyama kidogo cha kupimwa maabara. Aanzie CTC, yaani kliniki ya VVU anakochukulia dawa, ili aandikiwe rufaa. Mkazi wa Moshi au Arusha anaweza kupelekwa hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako kuna huduma za saratani.

Msingi wa tiba ni kuirudisha kinga ya mwili. Ambaye hajaanza ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, huanzishwa bila kuchelewa, na aliyekwisha kuanza hupimwa wingi wa virusi. Madoa machache ya ngozi huweza kufifia kwa ARV pekee, ingawa huchukua miezi. Lakini ugonjwa ukiingia mapafuni au tumboni, au mguu ukivimba sana, huongezwa dawa za saratani za dripu, kama paklitakseli, huku vidonge vya ARV vikiendelea kumezwa. Katika wiki za mwanzo za ARV kinga inapoamka madoa yanaweza kuzidi. Wengi hukata tamaa hapo na kuacha dawa, ilhali wanachotakiwa ni kurudi kliniki haraka.

Kadi ya CTC iende na mgonjwa hadi kwa daktari wa saratani, kwa kuwa baadhi ya ARV, hasa zenye ritonaviri, huongeza ukali wa dawa za saratani mwilini. Ataje pia kama anatumia prednisoloni, dawa ya steroidi ambayo huweza kuichochea Kaposi, pamoja na dawa za kienyeji. Wanaokumbuka foleni za kikombe cha Babu wa Loliondo, mganga wa kienyeji, mwaka 2011 wanajua kwamba matumizi ya dawa za kienyeji hufichwa. Nami naona daktari anayekaripia ndiye anayeyafanya yafichwe zaidi.

Mwanamke mwenye VVU aanze kuchunguzwa mlango wa kizazi akiwa na miaka 25, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, na arudie kila baada ya miaka 3 hadi 5. Mabadiliko ya awali yatokanayo na HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, mara nyingi huondolewa kwa kuunguzwa au kugandishwa papo hapo kliniki, ilhali saratani iliyokomaa huhitaji upasuaji, au mionzi pamoja na dawa. Kwa aliyepandikizwa figo akapata saratani ya aina hii, madaktari hupunguza dawa za kushusha kinga, asizipunguze mwenyewe.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi baada ya dripu ya dawa za saratani ni dharura: mgonjwa apelekwe hospitali usiku huohuo, bila kusubiri panadoli ifanye kazi.