Namna ya Kufundisha Uhuru wa Komoro kwa Vipindi Viwili

Mwalimu mwenzangu, ukifika kwenye Komoro usianze na tarehe 6 Julai 1975. Chora kwanza visiwa vinne ubaoni: Ngazidja, Mwali, Nzwani na Maore (Mayotte). Andika 1841 kando ya Maore, mwaka ambao Andriantsoly, mtawala aliyetokea Madagascar, aliwakabidhi Wafaransa kisiwa hicho. Kwa vitatu vilivyobaki andika 1886, mwaka wa mikataba iliyoviweka chini ya himaya ya Ufaransa. Wanafunzi watoe wenyewe: miaka 45. Usiifute tofauti hiyo, utaihitaji mpaka mwisho.

Miaka iliyofuata ipitishe haraka. 1912 vyote koloni, vikawekwa chini ya Madagascar. 1946 vikatenganishwa nayo. 1961 vikapata mamlaka ya ndani.

Kwenye makao makuu, tulia. Yalikuwa Dzaoudzi, huko Maore, na mwaka 1958 ikaamuliwa yahamie Moroni, kisiwani Ngazidja. Kazi na heshima vikaondoka nayo. Hapo simulia habari za akina mama wa Maore waliowazingira viongozi waliotumwa kutoka Moroni na kuwatekenya mpaka wakaondoka. Darasa litacheka, liache licheke, kisha uliza: mama hawa walihofia kupoteza nini? Majibu ya vidato vya tatu hunifurahisha kila mwaka.

Ukiwa unafundisha Dar es Salaam, taja MOLINACO, chama cha ukombozi kilichoanzishwa humu humu mjini na Wakomoro mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wenye mababu wa Kingazija darasani watanyoosha mikono.

Kipindi cha pili pigeni kura ya uhuru. Gawa darasa makundi manne, la Maore liwe dogo. Mkishapiga, wape matokeo halisi ya tarehe 22 Desemba 1974: kwa jumla zaidi ya asilimia 90 walitaka uhuru, lakini Maore karibu theluthi mbili walikataa. Sasa wabishane: zihesabiwe pamoja, au kisiwa kwa kisiwa? Wape muda wa kutosha, hili ndilo somo lenyewe. Bunge la Ufaransa lilitaka katiba mpya ikubaliwe na kila kisiwa peke yake. Siku chache baadaye Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya ndani ya Komoro, akatangaza uhuru bila kusubiri. Novemba 1975 Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro ikiwa na visiwa vyote vinne.

Wakishamaliza, nawaambia msimamo wangu waziwazi: koloni lilitawaliwa kama nchi moja, basi kura zake zilipaswa kuhesabiwa pamoja. Ndivyo nchi huru za Afrika zilivyokubaliana Cairo mwaka 1964, kwamba mipaka ya siku ya uhuru iheshimiwe. Anayepinga simpunguzii alama, mradi atumie miaka iliyoko ubaoni.

Kazi ya nyumbani: bendera ya Komoro ina nyota nne, na tangu 2011 Maore ni mkoa wa Ufaransa. Eleza kwa kurasa mbili jinsi mambo haya mawili yalivyotokea.