Kabla chama chenu hakijaikopesha serikali

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanne huku Likoni. Kila nikileta kikaoni habari ya bondi za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba kwa muda uliopangwa, kuna atakayeuliza: "Na madeni yote haya, pesa zetu zitarudi kweli?" Mwenzangu ana haki ya kuuliza. Mimi jibu nalitafuta hivi.

Usianze na jumla. Deni la Kenya lilivuka shilingi trilioni 10 mwaka 2023, na namba hiyo peke yake haikuambii kama utalipwa. Chukua daftari, andika deni gani linaiva lini, ni kiasi gani, kwa riba gani. Ukurasa wangu wa kwanza una Eurobondi ya 2014, yaani deni ambalo serikali ilikopa kwa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje: dola bilioni 2, asilimia 6.875, zote zilipwe kwa mkupuo Juni 2024. Huo mkupuo ndio uliotisha watu. Kadiri tarehe ilivyokaribia shilingi iliteleza, na Januari 2024 dola moja ikafika karibu shilingi 160. Mwenzetu anayeagiza mitandio kutoka Dubai alisimamisha mzigo wake mwezi huo.

Kisha angalia serikali imefanya nini kabla ya siku yenyewe. Februari 2024 Kenya ilikopa upya dola bilioni 1.5 kwa asilimia 9.75, ikainunua mapema sehemu kubwa ya ile Eurobondi. Mwezi huohuo ikauza hapa nyumbani bondi ya miundombinu, riba asilimia 18.46 bila kukatwa kodi, ikakusanya zaidi ya shilingi bilioni 240. Wageni nao walileta dola zao kuinunua. Miezi miwili haikupita, dola ikashuka hadi karibu 130. Wawekezaji walitulia kwa kuwa waliona malipo yameandaliwa mapema. Lakini mimi niliandika kwa kalamu nyekundu: limesogezwa. Deni la asilimia 6.875 limepokewa na la 9.75, na tofauti hiyo italipwa kwa kodi yetu.

Kwa hiyo msome pia mlipaji. Juni 2024 vijana waliukataa barabarani Muswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi, wengine wakapoteza maisha, na muswada ukaondolewa. Julai, Moody's, kampuni inayopima kama nchi zitaweza kulipa madeni yao, ikaishusha Kenya hadi daraja la Caa1, lenye hatari kubwa sana kwa mkopeshaji. Mimi ni mama, na siwezi kuiandika habari ile kama namba tu. Serikali isiyosikilizana na walipa kodi wake haiwezi kumtuliza mkopeshaji kwa muda mrefu.

Kipimo chepesi kuliko vyote ni hati za hazina za siku 91, yaani mkopo mfupi kwa serikali unaorudishwa baada ya siku hizo. Matokeo ya mnada hutolewa kila wiki kwenye tovuti ya Benki Kuu, bila malipo. Mapema 2024 riba yake ilipita asilimia 16. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa chini ya 10. Ikipanda wiki hadi wiki, wakopeshaji wana hofu, na riba nono unayoichekelea ni bei ya hofu hiyo.

Kununua ni kazi ndogo: akaunti hufunguliwa kwenye DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu, na bondi ya kawaida huanzia shilingi 50,000. Kazi ni kuchagua muda. Mwaka 2021 tulifunga pesa zetu miaka 15. Mwaka 2023 mwanachama akauguliwa na mtoto, ikabidi tuuze kabla ya wakati. Riba za bondi mpya zilikuwa zimepanda, hakuna aliyeitaka yetu ya zamani kwa bei tuliyoinunulia, tukapata pungufu. Nililia usiku ule, maana mimi ndiye niliyewashawishi.

Sasa pesa za karo na dharura tunaziweka kwenye hati za siku 91. Kwenye bondi ndefu tunaweka tu zile ambazo kila mmoja ametia saini kwamba hatazidai, na kabla ya saini nawafungulia daftari wasome tarehe wenyewe.