Kutengeneza Lipu ya Chokaa kwenye Nyumba za Kale za Tabora

Ukuta wa nyumba ya kale hapa Tabora, iwe ni ya mawe kutoka enzi za Wajerumani au tembe la udongo kama lile la Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, hunyonya unyevu wa ardhi na kuutoa nje kupitia lipu yake. Saruji huufungia unyevu huo ndani, na baada ya misimu michache ya mvua ukuta huoza kwa nyuma huku uso wake ukionekana mzima. Usikubali fundi azibe nyufa kwa saruji, hata akikuapia kwamba ndiyo imara zaidi.

Kama jengo limehifadhiwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, omba kibali kwanza. Piga picha kila ukuta kabla ya kugusa chochote. Mwaka 1916 dhahabu ya mgodi wa Sekenke ilifuliwa hapa kuwa sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli, na kumbukumbu za namna hiyo hupotea kirahisi jengo linapokarabatiwa ovyo.

Anza mwezi Mei au Juni, mvua zikiwa zimekwisha na jua kali la Septemba halijafika. Tafuta maji yanakoingilia, yaani paa linalovuja, mfereji ulioziba au udongo uliorundikana ukutani, kwa kuwa hayo yasiporekebishwa lipu mpya ni kazi bure. Kisha gonga ukuta kwa mpini wa nyundo: panaposikika uwazi pabandue, palipo imara paache.

Chokaa ya mfuko iloweke usiku kucha, na ikiwezekana wiki nzima, hadi iwe laini kama uji mzito. Sehemu moja ya chokaa ichanganywe na tatu za mchanga safi uliochekechwa. Lowesha ukuta, upake tabaka lisilozidi sentimita moja, likishikana uongeze la pili. Chokaa hugandishwa na hewa, polepole sana, kwa hiyo funika kazi yako kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku saba. Hapa ndipo mafundi wengi huharakisha na lipu ikapasuka.

Tembe lizibwe kwa udongo wenyewe uliokandwa na nyasi zilizokatwakatwa. Mwishoni paka chokaa nyepesi mara tatu, wala usitumie rangi ya mafuta.