Ukija Bagamoyo na watoto, uliza maji kwanza

Likizo zikifika, Bagamoyo hupokea watoto wa ndugu zetu walio ughaibuni, na wengine wanaogelea vizuri kuliko binamu zao wa hapa. Wamefundishwa kwenye bwawa la shule au ziwani wakati wa kiangazi. Lakini ziwa lilipo asubuhi ndipo lilipo jioni. Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kina hupanda kwa zaidi ya mita 3.

Mawimbi ya hapa siyaogopi sana. Naogopa maji yanayorudi. Ufuo wa Bagamoyo hauna mteremko mkali, kwa hiyo maji yakitoka huacha mchanga mtupu hadi mbali, na watoto hufuata kaa na makombe mpaka unawaona wadogo. Mchanga huo una matuta na mabonde. Maji yakianza kujaa hupitia mabondeni kwanza, nyuma ya watoto, upande wa nchi kavu, huku tuta walilosimama bado kavu kabisa. Wakigeuka, pale walipopita kwa miguu pana maji ya kifuani, tena yanakwenda kwa kasi. Ukiona tu maji yameanza kurudi, waite wote, hata wakinuna.

Saa zenyewe si ngumu kuzikadiria. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50, hivyo baada ya wiki moja, saa nne ndiyo wakati wa kujaa, nayo ni maji mafu, yametulia. Siku hizo ndizo ningewachagulia watoto. Jedwali la maji la Dar es Salaam linapatikana kwenye intaneti, lakini usiache kuwauliza wavuvi. Mtume mtoto mwenyewe akaulize: “Shikamoo babu, maji yanajaa saa ngapi?” Atajibiwa, na ataonyeshwa pia penye shimo.

Msiogelee sokoni kwa samaki, kuna kamba za nanga na mashua zinazoingia na kutoka. Kaskazini, Mto Ruvu unapomwaga maji, msikaribie kabisa: tope halikuonyeshi kitu, mkondo una nguvu, na mto wenyewe una mamba na viboko. Kwenye maji mafupi mtembee kwa kuburuta nyayo ili taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani akimbie. Akikuchoma, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kisha nenda hospitali.

Usitegemee kumkuta mwokoaji ufukweni. Mtu mzima mmoja awe wa kuangalia tu, simu mfukoni, na pembeni awe na dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko na kamba. Mtu akizidiwa, mrushie dumu. Anayezama humng’ang’ania aliyemfuata wakazama wote. Akitolewa hapumui, mpulizie pumzi tano kwanza, ndipo umkandamize kifua mara 30, pumzi 2, bila kuacha. Mwenzako apige 112, au 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Hata akizinduka na kuomba chai, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni huweza kumzidia saa kadhaa baadaye.